Krinoidi wa Kaledonia Mpya: Mnyama wa kilindini anayejifumba kama ngumi

Mnyama wa baharini ambaye jamaa zake walijulikana zaidi kutokana na visukuku vya zama za dinosauri anaishi hadi leo katika vilindi vilivyo kusini mwa Kaledonia Mpya, eneo lililo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki.

Mnyama huyo alitambulishwa rasmi mwaka 1987 na wanasayansi Bourseau, Améziane-Cominardi na Roux, waliompa jina la Gymnocrinus richeri. Mwaka 2006 mtaalamu Hans Hess alimhamishia katika jenasi mpya, na sasa anaitwa Neogymnocrinus richeri. Alipatikana katika safu ya milima ya chini ya bahari iitwayo Norfolk, kwenye kina cha takriban mita 500, ambako mwanga wa jua haufiki kwa kiasi cha kuotesha mmea wowote.

Krinoidi ni jamaa wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Kwa umbo anafanana na ua lililo juu ya bua, na wengi wamemdhania kuwa mmea, lakini ni mnyama kamili mwenye mdomo, utumbo na neva.

Kwa kawaida bua la krinoidi huundwa na pingili nyingi za chokaa ngumu zilizopangwa moja juu ya nyingine mithili ya shanga katika uzi. Pingili hizo hushikwa na nyuzi zenye uwezo wa ajabu: mnyama huweza kuzikaza au kuzilegeza bila kutumia msuli wowote, hivyo husimama wima siku nzima pasipo kuchoka. Krinoidi wa Kaledonia Mpya hana bua refu la namna hiyo. Lake ni fupi mno, lenye pingili chache, nalo limegandamana na mwamba.

Juu ya bua kuna kikombe kinachobeba viungo vya ndani. Tofauti na kiti cha pweza, ambaye mdomo wake huelekea chini, krinoidi hutazamisha mdomo juu. Utumbo hupinda na kurudi ulikotoka, kwa hiyo tundu la haja liko upande uleule wa mdomo. Jambo hilo lingeweza kuleta balaa mezani, lakini tundu hilo limeinuliwa juu ya kichuguu kidogo cha nyama ili taka zichukuliwe na mkondo wa maji.

Chakula hunaswa na mikono. Kila mkono una vijitawi vya pembeni, na kila kijitawi kina mfereji uliozungukwa na vijimiguu laini vinavyodaka chembe zinazopita na kuzisukuma hadi mdomoni. Krinoidi hana ubongo. Kitovu cha neva zinazoendesha mikono kiko katika kitako cha kikombe.

Mikono ya Neogymnocrinus ni minene na isiyolingana. Inapojikunja, vipande vyake hufunika vijitawi vilivyo dhaifu, na mnyama mzima huonekana kama ngumi iliyofumbwa.

Kinga hiyo ni muhimu kwa kuwa hawezi kukimbia. Mwaka 2005 watafiti Tomasz Baumiller na Charles Messing walieleza jinsi krinoidi wa aina nyingine, Neocrinus decorus wa Bahamas, anavyojikokota kwa mikono sakafuni mwa bahari kwa kasi ya takriban sentimita 4 kwa sekunde, huku akiburuta bua lake nyuma. Huyu wa Kaledonia Mpya hubaki pale alipogandamana.

Aidha, mwili wake una rangi zenye bromini ziitwazo gimnokromu, zilizoelezwa na wanakemia mwaka 1991. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 1998, baadhi ya rangi hizo zilionyesha uwezo wa kuzuia virusi vya dengi, ugonjwa ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaufahamu vyema tangu mlipuko wa mwaka 2014. Hata hivyo, matokeo ya chupa za maabara bado si dawa.

Mwaka 2014 Kaledonia Mpya ilitangaza hifadhi ya Bahari ya Matumbawe yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 1.3. Mnyama aliyegandamana na mwamba hawezi kuukwepa wavu unaoburutwa sakafuni mwa bahari, wala ngumi yake haimfai kitu mbele ya vyuma vya wavu huo.