Nakala Sanifu ya Kompyuta za Ofisi: Namna Inavyoandaliwa na Inavyolinda Huduma za Umma

Mwananchi anapofika katika ofisi ya umma kufuata cheti au kibali, huduma anayoipata hutegemea kwa kiasi kikubwa kompyuta iliyo mbele ya mtumishi. Ili kompyuta hizo zifanye kazi kwa namna moja na kwa usalama, taasisi nyingi duniani hutumia nakala sanifu ya mfumo, ambayo wataalamu wa TEHAMA huiita imeji.

Nakala sanifu ni faili lenye mfumo endeshi, programu za kazi na mipangilio ya usalama. Faili hilo hupakiwa katika kompyuta zote, badala ya fundi kusakinisha programu moja baada ya nyingine katika kila mashine.

Namna inavyoandaliwa

Kazi huanza katika kompyuta moja ya mfano. Wataalamu husakinisha mfumo endeshi, masasisho ya karibuni, programu za ofisi na kinga dhidi ya virusi. Kisha huondoa vitambulisho vya mashine hiyo, ili kila kompyuta itakayopokea nakala ipate jina na utambulisho wake. Hatimaye nakala huhifadhiwa katika seva na kusambazwa kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, au kwa flashi pale mtandao usipotosha.

Kwa kuwa upakiaji huo kwa kawaida hufuta vilivyomo katika diski, nyaraka za mtumishi huhifadhiwa kwanza mahali pengine. Aidha, nenosiri la msimamizi halipaswi kufanana katika kompyuta zote, kwani likivuja katika moja, zote huwa wazi.

Uzoefu wa Marekani na Uingereza

Machi 2007, Serikali ya Marekani iliziagiza taasisi zake zinazotumia Windows XP na Vista kufuata mipangilio sanifu ya usalama ifikapo Februari 1, 2008. Chini ya utaratibu huo, mtumishi wa kawaida hakuwa na mamlaka ya kubadili mfumo wa kompyuta yake. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo (NIST) ilitoa nakala za majaribio ili ofisi zipime programu zao mapema.

Madhara ya kutosasisha mifumo yalidhihirika nchini Uingereza. Mei 12, 2017, shambulio la WannaCry liliathiri taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya katika England, na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi. Marekebisho ya kuzuia shambulio hilo yalikuwa yametolewa Machi 14, takriban miezi miwili kabla, lakini hayakuwa yamewekwa katika kompyuta zote. Ofisi yenye mfumo wa aina moja hutambua kwa urahisi mashine zilizoachwa nyuma na kuzirekebisha kwa pamoja.

Tahadhari

Hata hivyo, usawa huo huo husambaza kosa kwa kasi. Julai 19, 2024, sasisho lenye hitilafu la kampuni ya CrowdStrike lilizima takriban kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, na kusimamisha safari za ndege na huduma nyingine.

Kwa sababu hiyo, nakala mpya hujaribiwa kwanza katika kompyuta chache za idara tofauti, zikiwamo zenye printa na programu maalumu, kabla ya kusambazwa kwa awamu. Nakala ya awali huhifadhiwa ili irejeshwe endapo tatizo litatokea. Vilevile, nakala huandaliwa upya mara kwa mara. Iliyokaa miezi mingi bila kusasishwa huzaa kompyuta mpya zenye udhaifu wa zamani.

Nakala sanifu, kwa hiyo, haitoshi yenyewe. Inapojaribiwa na kusasishwa ipasavyo, kompyuta iliyoharibika hurejea kazini ndani ya muda mfupi, na mwananchi aliye kwenye foleni huhudumiwa bila kuambiwa arudi kesho.