Marko, Mfuasi Aliyerudi Nyuma



Tunapoyasoma maisha ya wafuasi wa Bwana, mara nyingi twawakimbilia wakuu: Petro na funguo zake, Paulo na nyaraka zake, Yohane aliyesimama chini ya msalaba. Leo twapenda kumtazama Yohane aitwaye Marko, ambaye hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili. Mapokeo ya Kanisa yanamtambua kuwa ndiye mwandishi wa Injili ya pili. Lakini kabla ya kuiandika Injili, aliiacha kazi ya Injili njiani.

Alitoka katika nyumba njema. Mama yake, Maria, alikuwa na nyumba Yerusalemu iliyotosha kukusanya waamini wengi, na ndiko Petro alikokwenda usiku ule alipotolewa gerezani, siku za mfalme Herode Agripa aliyekufa mwaka 44. (Luka hakosi ucheshi: Roda, mtumishi wa nyumba hiyo, alipoitambua sauti ya Petro mlangoni alifurahi mno hata akasahau kumfungulia.) Barnaba, Mlawi wa Kupro, alikuwa binamu yake Marko.

Basi Barnaba na Saulo walipotumwa na Kanisa la Antiokia, walimchukua kijana huyu awe msaidizi wao. Walishuka Seleukia, wakavuka bahari hadi Kupro, wakakipita kisiwa chote kutoka Salamini hadi Pafo, ambako liwali wa Kirumi, Sergio Paulo, aliamini. Wakapanda merikebu tena hadi Perge katika Pamfilia. Hapo Marko akawaacha, akarudi Yerusalemu. Luka anaieleza habari hiyo kwa maneno machache katika sura ya 13 ya Matendo ya Mitume, wala hatoi sababu.

Wataalamu wamekisia mengi. Wengine hutaja homa za nyanda za pwani. Wengine huona kwamba Marko hakupendezwa binamu yake aliposogezwa nyuma. Kwani walitoka Antiokia wakitajwa Barnaba na Saulo, na walipoondoka Pafo Luka anaandika Paulo na wenzake. Kwa maoni yetu, ramani peke yake yatosha. Mbele ya Perge imesimama milima ya Tauro, na mji waliokuwa wakiuendea, Antiokia ya Pisidia, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Paulo mwenyewe baadaye aliwaandikia Wakorintho juu ya hatari za mito na za wanyang'anyi. Si vigumu kuelewa jinsi kijana aliyezoea nyumba yenye mtumishi alivyoitazama milima ile.

Baada ya Mtaguso wa Yerusalemu, yapata mwaka 49, Paulo alitaka kurudi kuwatembelea waamini wa miji ile. Barnaba akataka Marko aende nao. Paulo akakataa katakata. Neno la Kigiriki alilolitumia Luka kwa ugomvi wao ndilo hilo hilo waganga wa kale walilolitumia kwa homa inapopanda.

Tusiharakishe kumlaumu Paulo. Mmoja akirudi nyuma, mzigo wake hubebwa na waliobaki, na katekista aliyewahi kuachiwa kigango na mwenzake asiyeaga anajua uzito wake. Lakini Barnaba naye alikuwa na hoja ambayo Paulo, kuliko mtu yeyote, alipaswa kuikumbuka. Saulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba ndiye aliyemchukua akampeleka kwa Mitume na kumtetea. Aliyewahi kudhaminiwa sasa alikataa kumdhamini mwingine. Wakaachana. Paulo akamchagua Sila, akaenda zake. Barnaba akamchukua Marko, wakasafiri hadi Kupro, na tangu siku hiyo Luka hamtaji tena Barnaba katika kitabu chake.

Wapendwa, hapa ndipo habari hii inapogusa parokia zetu. Yupo aliyeacha ukatekista kwa sababu posho haikutosha karo ya watoto. Yupo kijana aliyerudi nyumbani kutoka seminari, na mama aliyeacha uenyekiti wa jumuiya akiwa amechoka kusemwa. Wanakuja Misa, wanakaa benchi la nyuma. Majina yao yakitajwa katika halmashauri ya walei, hakosi mmoja wa kusema, “Huyo tunamfahamu, alituacha njiani.” Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo maana hufunga mlango upesi. Barnaba hakukanusha kwamba Marko alirudi nyuma. Alimpa safari nyingine, akaenda naye mwenyewe, tena kisiwani ambako kijana alikwisha kupita, si milimani. Sisi mapadre na walezi, tukiombwa kumrudisha mtu, mara nyingi twamtwisha kazi yote ile ile kwa mara moja, ama hatumpi chochote.

Matunda yalichukua miaka. Katika barua kwa Filemoni, Paulo akiwa kifungoni anamtaja Marko kati ya watenda kazi wenzake. Barua kwa Wakolosai inawaagiza wampokee akifika kwao. Na barua ya pili kwa Timotheo, inayomwonyesha Paulo mfungwa aliyebakiwa na Luka peke yake, inamwomba Timotheo aje na Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Dema, aliyetajwa pamoja na Marko katika barua kwa Filemoni, hapo ameandikwa kuwa amekwenda zake kwa kuupenda ulimwengu.

Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebio wa Kaisarea, alisema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro. Tuwafikirie wawili hao pamoja: aliyerudi nyuma Perge, na aliyemkana Bwana uani kwa Kuhani Mkuu. Haishangazi kwamba Injili ya Marko haifichi udhaifu wa wanafunzi. Na katika habari za kaburi tupu, ndiyo peke yake inayosema kwamba ujumbe upelekwe kwa wanafunzi na kwa Petro, kwa jina lake.

Eusebio ameandika pia kwamba Marko ndiye wa kwanza kutumwa Misri, na Wakopti hadi leo humhesabu kuwa Patriarki wao wa kwanza. Masalia yake yalichukuliwa kutoka Aleksandria na wafanyabiashara wa Venice mwaka 828. Mwaka 1968 Papa Paulo VI aliwarudishia Wakopti sehemu yake.

Lakini mwishoni mwa barua ya kwanza ya Petro kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Barua hiyo inasema imeandikwa kwa msaada wa Silvano, ndiye Sila, yule aliyechaguliwa na Paulo siku ya ugomvi. Salamu zinazofuata zinatoka kwa Marko, ambaye Petro anamwita mwanawe. Walikuwa wote wawili Roma, mji ambao barua inauita Babeli, wakimhudumia mzee mmoja.