Kosa halikuwa kwenye programu

Leo naweka kando habari za PHP na MySQL. Nataka tuzungumze kuhusu mvua.

Kwetu ni Makueni. Ukivuka mto Athi, uko Kitui. Pande zote mbili mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba. Akiambiwa zitakuwa nyingi zisije, mbegu zimeharibika. Ndiyo maana kisa hiki kinanigusa.

Mwaka 1986 Mark Cane na Stephen Zebiak wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitumia modeli ya kompyuta inayounganisha bahari ya Pasifiki na hewa iliyo juu yake, wakatabiri kwamba El Niño inakuja. Kweli ikaja, na majina yao yakavuma.

Kisha ukafika 1997. Ikazuka El Niño kubwa ajabu, na modeli yao haikuiona! Huku Kenya vuli ile ilisomba madaraja na kukata barabara.

Mimi ningekimbilia kutafuta kosa ndani ya programu. Dake Chen, pamoja na Cane na Zebiak, walitazama kwingine: namba za kuanzia. Modeli lazima ielezwe bahari ikoje leo ndipo ihesabu ya kesho. Yao ilikisia hali ya bahari kutokana na data za upepo tu. Mwaka 1998 wakaongeza vipimo vya kimo cha bahari, ambacho hudokeza wingi wa maji moto yaliyojificha chini. Fizikia ikabaki ileile, namba za kuanzia zikabadilika. Safari hii modeli ikaiona El Niño ya 1997. Kumbe hata kompyuta huvuna ilichopandiwa.

Lakini sisi tuna bahari ya Hindi. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake walieleza jinsi inavyopata joto upande wa Afrika huku upande wa Sumatra ukipoa. Hilo lilitokea 1997, na mvua ikazidi. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa pia, ila tofauti ya pande hizo mbili ilikuwa ndogo, na mvua hazikufikia zile za 1997.

Basi bahari hiyo lazima ipimwe. Maboya ya Argo huzama hadi mita 2,000, na kila siku 10 hupanda yakipima joto na chumvi, kisha hutuma data kwa satelaiti. Novemba 2007 yalifika 3,000 duniani. Ila maharamia wa Somalia walitisha meli upande wetu, hata mwaka 2011 wanasayansi wa Australia wakaomba msaada wa majeshi ya majini ya Australia na Marekani kuyaweka maboya hayo.

Boya lililokosekana ni namba iliyokosekana, na modeli hubaki kukisia. Anayeumia ni mkulima wa Kitui mwenye debe moja la mbegu.

Je, utabiri uliwahi kukuokoa, au kukuponza? Nisimulie.