Mlango wa kadhi: historia fupi ya talaka na haki za ndoa katika Pwani yetu



Ndugu zetu katika Uislamu, kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suala tunaloulizwa sana na kina mama, na mara nyengine na kina baba, ni hili: nyumba imevunjika, je, nitafute wakili? Kabla ya kujibu tumeonelea tuirudie historia, kwani wengi wetu tunauogopa mlango ambao wazee wetu walihangaika ubaki wazi. Mlango huo ni wa kadhi.

Jambo hili lina asili katika zama za Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume akasema kwamba hana la kumlaumu mumewe katika dini wala tabia, lakini hawezi kuishi naye. Aliulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa kuwa mahari, akakubali, na Thabit akaamrishwa aipokee na kumwacha. Bibi yule hakukemewa kwa kuja. Hapo ndipo wanazuoni wetu wanapotoa dalili ya khului.

Katika Pwani ya Kenya makadhi walikuwako kabla ya Muingereza kuja. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alipokubali Uingereza isimamie ukanda wa maili 10, sharia ya Kiislamu iliachwa ifanye kazi katika mambo ya Waislamu. Mwaka 1906 ikaja sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Cheo cha Kadhi Mkuu kilishikwa na wanazuoni wakubwa, miongoni mwao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu 1937 hadi kufa kwake 1947, na baadaye Sheikh Abdalla Saleh Farsy aliyetoka Zanzibar. Hawa hawakuwa mahakimu tu. Sheikh Al-Amin alitoa magazeti ya Sahifa na Al-Islah, na Sheikh Farsy aliandika kwa Kiswahili, ili mtu wa kawaida aijue dini yake bila ya kungoja kufasiriwa.

Uhuru ulipokaribia, watu wa Pwani waliingiwa na hofu kwamba mahakama hizi zitafutwa. Ndipo Oktoba 1963 Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipoandikiana kukubaliana kwamba zitabakia. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikapitishwa 1967. Katika mjadala wa Katiba mpya yalisemwa mengi ya kuzipinga, lakini Katiba ya 2010 ilizithibitisha katika Kifungu cha 170. Kazi yake ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa na kadhi.

Sasa tujiulize: mlango huu umewafaa nani? Mtafiti wa Kimarekani, Susan Hirsch, alihudhuria mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka 1998. Alikuta kwamba wengi waliokuwa wakifungua kesi ni wanawake, na mara nyingi walikuwa wakishinda. Kwa hiyo ule usemi wa mitaani kwamba kwa kadhi mwanamke haendi ila kudhulumiwa, hauafikiani na yaliyoonekana.

Lakini haki humfikia anayejua anachokiomba. Njia za kuachana ni tatu, na ni muhimu sana kutozichanganya. Ya kwanza ni talaka ya mume. Ikiwa ni ya kwanza au ya pili, anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda. Ikiwa ni ya tatu, hawezi kumuoa tena mpaka mke aolewe na mume mwengine kwa ndoa ya kweli na waachane. Ya pili ni khului, ambapo mke anajikomboa kwa kurudisha mahari au kitu walichokubaliana. Ya tatu ni faskhi, ambapo kadhi mwenyewe huivunja ndoa kwa sababu ya kisharia, kama mume kutotoa nafaka, kupotea, au kumdhuru mke.

Hapa ndipo dada zetu wengi wanapopunjika. Mume ameacha kulisha miaka miwili, kisha anasema, "Ukitaka talaka, nirudishie mahari yangu." Mke kwa kuchoka anakubali, na mambo yakaandikwa khului. Kumbe kosa lilikuwa la mume, na alilostahiki mke kuomba ni faskhi, na mahari yake yangebaki kuwa yake. Tofauti ya neno moja katika karatasi ni tofauti ya haki nzima.

Jengine ni cheti. Kuna wanaume wanaotamka talaka barazani wakaondoka, wasiandikishe. Mwanamke anabaki ametundikwa, si mke wala si mtalaka, na Qur'ani imekataza kumwacha mke katika hali hiyo. Akija kuposwa hana la kuonyesha. Baba akifariki, watoto na wajane wanagombana juu ya nani alikuwa mke. Tafadhali, talaka ikitoka iandikishwe kwa kadhi.

Tukirudi kwenye suala la wakili: katika mahakama ya kadhi, mtu anaweza kufungua shauri na kujisemea mwenyewe. Chukua cheti cha ndoa, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ushahidi wako. Wakili anafaa zaidi palipo na mali nyingi, ugomvi juu ya watoto, au rufaa ya Mahakama Kuu. Pia ndoa iliyofungwa kwa msajili wa serikali ina mlango wake mwengine, nao ni mahakama ya hakimu. Ukimtafuta wakili, hakikisha ana leseni ya mwaka huu, muulize kesi ngapi amesimamia kwa kadhi, na ada iandikwe na upewe risiti. Jiepushe na mabroka wa mlangoni. Asiye na uwezo ajue kwamba Kituo cha Sheria kipo tangu 1973, FIDA Kenya tangu 1985, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa 2016.

Kwa kuwa familia zetu zimeoleana hadi Tanga na Unguja, tukumbushane pia kwamba kwa jirani mambo si sawa. Tanzania Bara, mahakama za kadhi za serikali ziliondolewa baada ya uhuru, na chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida shauri la talaka hupita kwanza katika baraza la usuluhishi, na Waislamu wengi huenda BAKWATA. Zanzibar bado ina mahakama za kadhi, na sheria yake ya sasa ni ya 2017. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari, uliza ndoa yako iliandikishwa wapi.

Wazazi wenzetu, tusingoje nyumba iungue ndipo tuulize maji yako wapi. Kabla ya kumwoza binti, mfundisheni mahari yake ni nini na cheti chake kinakaa wapi. Na kijana afundishwe kwamba talaka ni amana, si silaha ya hasira. Suluhu ni bora, na ikishindikana, basi kuachana kwa wema.

Wabillahi tawfiq.