Nani Anamcheka Nani: Filamu za Pembetatu ya Mapenzi na Banda la Video la Tunduru

Wasomi wa nchi hii tuna kasoro moja ambayo hatupendi kuikiri hadharani. Kuhusu filamu ambazo wananchi hawakuziona tumeandika makala nyingi. Kuhusu zile walizozikesha tumeandika chache, na hizo chache tumeziandika kwa kebehi. Mtu akitaja Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill (2001) kwenye kikao cha idara, kila mmoja ana la kusema. Akitaja filamu ya marafiki wawili waliogombana kwa ajili ya mwanamke mmoja, yenye nyumba ya ghorofa, mlinzi getini na machozi tangu sehemu ya kwanza hadi ya pili, watu huguna na kurudi kwenye chai yao. Nami nimeguna mara nyingi.

Niliacha kuguna nikiwa Tunduru, mwaka 2008. Nilikuwa nimekwenda kukusanya simulizi za wazee kwa ajili ya utafiti usiohusiana kabisa na filamu. Anayeifahamu barabara ya Songea, Namtumbo hadi Tunduru ya miaka ile, kabla ya lami, hahitaji maelezo. Asiyeifahamu na awaulize madereva wa malori waliokesha kwenye tope masika baada ya masika. Jioni ya pili mwenyeji wangu alinipeleka kwenye banda la video: kuta za matete, paa la bati, mabenchi ya mbao, jenereta likikohoa nje, na televisheni moja isiyozidi ukubwa wa sanduku la nguo. Kiingilio kilikuwa shilingi 200.

Filamu ilikuwa ya Dar es Salaam, ya aina ile ile. Marafiki wawili, chanda na pete. Mmoja kaoa, mwingine anamtamani shemeji yake, na shemeji naye hajatulia. Mambo yakaharibika kama ilivyotarajiwa. Mume akawafumania, akatupa nguo za mkewe nje ya geti, akamwamuru atoke katika nyumba yake. Muziki wa huzuni ukaanza. Sinza au Tandika, hapa ndipo watazamaji hufuta machozi. Tunduru, banda zima lilipasuka kwa kicheko. Kina mama waliokuwa nyuma yangu walicheka hadi mmoja akatoka nje kutafuta pumzi.

Asubuhi yake nilimuuliza mzee mmoja niliyekuwa nikimhoji. Alikwisha kusikia habari za filamu ile kwa wajukuu zake.

"Mwalimu, wewe si umesoma? Mwanamume anamfukuza mke, mke aende wapi? Huku kwetu anayebeba mkeka ni mwanamume."

Kwa asili, Wayao ni watu wa ukoo wa upande wa mama. Mwanamume aoapo huhamia kwao mke. Nyumba husimama kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Watoto ni wa ukoo wa mama yao, na mwenye sauti juu yao ni mjomba, kiongozi wa mbumba, yaani kundi la dada zake na watoto wao. Uislamu, kodi ya mkoloni, operesheni vijiji na ajira za mjini vimeulegeza utaratibu huo, na leo zipo nyumba nyingi Tunduru ambazo mume ndiye aliyenunua kiwanja na ndiye mwenye hati. Lakini kumbukumbu yake haijafa. Watu wa banda lile walikuwa wameona jambo ambalo mwandishi wa hadithi pengine hakujua kwamba ameliandika: kilio chote kile kilisimama juu ya umiliki wa nyumba. Hamisha hati ya nyumba kutoka kwa mume kwenda kwa mke, na msiba unageuka kichekesho bila kubadilisha hata neno moja la mazungumzo.

Ili kuupima uzito wa kicheko kile, yatupasa kurudi nyuma.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri karibu na Korogwe, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati. Nyingi zilifundisha kilimo, afya na ulipaji kodi. Mojawapo, Gumu, ilikuwa hadithi ya kijana wa shamba anayeingia mjini na kuharibikiwa. Shika muundo huo, maana utaukuta tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni. Iliyovuma ni Muhogo Mchungu (1952). Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam bila kujua njia za mjini, na mji unamcheza shere. Mwigizaji wake mkuu alikuwa mtumishi kijana wa serikali aliyezaliwa Songea, mwaka 1926: Rashidi Mfaume Kawawa. Wanafunzi wangu hushangaa kila mwaka ninapowaambia kwamba Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alikuwa nyota wa filamu za vichekesho kabla ya kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Wakishamaliza kushangaa huwauliza swali lililo gumu zaidi: filamu ile ilimcheka nani? Ilimcheka mtu wa kwao Kawawa. Mwana wa Ruvuma aliajiriwa kumwigiza mshamba ili washamba wenzake, wakikusanyika mbele ya gari la sinema, wajicheke wenyewe.

Uhuru haukubadilisha muundo huo kama tunavyopenda kuamini. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge: mtu wa kijijini anakimbilia mjini, mji unamkatisha tamaa, anarudi na kupata maana ya maisha katika kijiji cha ujamaa. Nia ilikuwa njema, na sisemi hivyo kwa dhihaka. Hata hivyo, weka Gumu, Muhogo Mchungu na Fimbo ya Mnyonge pamoja, na utaona mkoloni na mjamaa wakimpa mwanakijiji somo lile lile: mji si wako, baki ulipo. Aliyeshika kamera alikuwa serikali au mshirika wake, na mwanakijiji alikuwa mwanafunzi asiyehitimu.

Kisha serikali ikaishiwa. Kampuni ya Filamu ilidhoofika pamoja na mashirika mengine ya umma, majumba ya sinema yakachakaa, na Tanzania Bara ikakaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka huo na uliofuata, Tunduru yenyewe ilipata mtikisiko wake: vito viligunduliwa, na maelfu ya wachimbaji na wanunuzi, wakiwamo Wathai na Wasri Lanka, walimiminika hadi mto Muhuwesi. Fedha ya vito ilileta jenereta, na jenereta lilileta video. Kwa hiyo wilaya tuliyozoea kuiita ya pembezoni ilikuwa na mabanda yake ya video mapema, yakionyesha filamu za Kihindi, za Kichina na za Kinijeria, kabla filamu za Kiswahili hazijawa za kutosha kujaza usiku mmoja.

Zilipoanza kutosha, hazikutoka serikalini. Zilitoka kwa watu binafsi wenye kamera ndogo na fedha ya kuungaunga. Shamba Kubwa (1995) huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo. Girlfriend ya George Tyson, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwaweka wanamuziki wa kizazi kipya katika hadithi ya mapenzi na ikawavuta vijana. Steven Kanumba akaigiza katika Dar 2 Lagos (2006), na mwaka 2008 ikaja Oprah, iliyowakutanisha Kanumba, Vincent Kigosi aliyejulikana kama Ray, na Irene Uwoya, katika mkasa wa mapenzi na usaliti. Hawa walikuwa watengenezaji huru kwa maana halisi ya neno: hapakuwa na ruzuku, hapakuwa na chuo cha kuwafunza, na hapakuwa na benki iliyokuwa tayari kuwakopesha.

Kwa nini pembetatu? Tumezoea kujibu kwamba waliiga Wanijeria, na kweli waliiga. Jibu hilo halitoshi. Tazama hesabu. Hadithi ya watu watatu inahitaji waigizaji watatu wa maana, na wengine ni ndugu na jamaa. Inahitaji nyumba moja ya kuazima, gari moja la kuazima, na wiki moja au mbili za kupiga picha. Haihitaji vita, mavazi ya kale wala msafara wa ngamia. Mgogoro wake uko sebuleni, ambako hata mwanga ni rahisi kuudhibiti. Msambazaji wa Kariakoo alinunua haki zote kwa mkupuo, akaikata hadithi sehemu mbili ili auze diski mbili, na mtengenezaji akaenda na malipo yake ya mara moja kuanza nyingine. Umaskini wa mtaji ndio uliochagua hadithi. Na kwa kuwa urafiki na ndoa ndiyo mambo ambayo kila Mtanzania ana maoni juu yake, umaskini huo ulichagua vizuri.

Hapa nikiri udhaifu wa filamu hizi, nisije nikadhaniwa nimekuwa wakili wao. Mwisho wake mara nyingi ni adhabu, na anayeadhibiwa mara nyingi ni mwanamke. Rafiki aliyesaliti husamehewa. Mke aliyesaliti huugua au hurudi kwao mikono mitupu. Wenzangu wanaofundisha masuala ya jinsia wamelisema hili, nami sina pingamizi. Ninalouliza ni dogo tu: tuna uhakika gani kwamba watazamaji waliupokea ujumbe huo kama ulivyotumwa? Kina mama wa banda la Tunduru walikuwa na hukumu yao.

Jambo lingine lililonitatiza kwa muda mrefu ni mgawanyo wetu wa kilio na kicheko. Kicheko tulimwachia Amri Athuman, King Majuto, mwana wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, na wenzake wa rika lake. Hao walicheza watu wa kawaida, wenye njaa, madeni na wake wakali. Mapenzi ya vijana wenye magari yalipewa kilio. Filamu iliyochekesha kwa kutumia mapenzi yenyewe, ikawachukulia wapenzi kama watu wenye kuchekesha, ilichelewa kuja. Kiumeni (2017), ya mvulana na msichana wa pande mbili tofauti za jiji, ilisogea huko na ikaonyeshwa kwenye kumbi za sinema za Dar es Salaam. Niliifurahia. Lakini kiti kimoja cha ukumbi ule kiligharimu zaidi ya wiki nzima ya banda la Tunduru, na kufikia wakati huo mabanda mengi yalikuwa yamekwisha kufungwa, simu ikachukua nafasi yao.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na umati uliojitokeza Dar es Salaam kumzika uliwashtua hata waliokuwa wakimdharau. Mwaka uliofuata stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Aprili 2017 waigizaji wakaandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Katika yote hayo serikali ilishughulika na mapato na maadili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliandikwa kwa ajili ya kukagua na kutoa vibali. Kitabu kikichapwa nchini, sheria inamtaka mchapishaji apeleke nakala Maktaba ya Taifa, hata kama ni kijitabu cha mapishi. Filamu hupelekwa ili aonekane kama kuna mtu ametoa matusi.

Nawaandikia hasa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Filamu za BEKE zilizosalia ni chache mno, na mtafiti wa Kitanzania anayezitaka huzitafuta London. Tulilalamika sana kuhusu hilo. Sasa filamu zetu wenyewe, zilizotengenezwa kwa Kiswahili na watu ambao wengi wao wako hai, zinapotea mbele ya macho yetu, na hapana mkoloni wa kumlaumu. Diski zile zilikuwa za bei nafuu na hazikuumbwa kuishi miaka 20. Mwaka jana nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu filamu tatu za kati ya 2003 na 2006. Niliambulia moja, yenye sehemu ya pili pekee. Mwanafunzi mmoja alisema tuisome kama tunavyosoma maandiko ya kale yaliyoraruka. Alikuwa akitania, na darasa likacheka, lakini ndivyo tulivyofanya.

Nilirudi Tunduru hivi karibuni, kwa lami safari hii. Mahali pa lile banda pana duka la vifaa vya simu, na kijana mwenye kompyuta anawawekea watu filamu kwenye kadi za kumbukumbu. Nilimuuliza kama anazo za zamani, za kina Kanumba. Akasema diski zilikuwapo, boksi zima, aliziacha kaka yake. Nikamuuliza ziko wapi. Akanielekeza bondeni, upande wa Muhuwesi, kwenye mpunga wa shangazi yake. Nilizikuta huko zimefungwa kwa uzi kwenye miti, zikizunguka na kumeta juani, zikifukuza ndege.