Sauti Iliyokisiwa Kabla ya Kuonekana: Saussure, Kihiti na Mizizi ya Kihindi-Ulaya

Katika kitabu kilichochapishwa Leipzig mwaka 1879, Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21, alidai kwamba irabu ndefu za mizizi kadhaa ya Kihindi-Ulaya zilitokana na irabu fupi iliyofuatwa na sauti iliyopotea. Hakuwa na andiko lolote la kumtetea. Alichokuwa nacho ni mpangilio wa mizizi yenyewe, ambayo ilinyooka pale tu sauti hizo zilipokisiwa. Si ajabu kwamba wengi walisita kumfuata. Alifariki mwaka 1913. Miaka miwili baadaye Bedřich Hrozný alionesha kuwa Kihiti, lugha ya mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Boğazköy, Uturuki, ni ya familia hiyo, na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz akabaini kwamba konsonanti ya Kihiti iandikwayo ḫ inatokea mahali palipokisiwa. Kilatini kina pāstor, ‘mchungaji’ (ndilo asili ya “pasta” wa makanisani), chenye irabu ndefu. Kihiti kina paḫs-, ‘kulinda’, na sauti iliyopotea imo. Ulinganifu huo haukukamilika, kwani Kihiti nacho kilipoteza baadhi ya sauti hizo.