Biashara ya Farasi na Mji wa Qalhat

Katika kurasa za kitabu chetu hiki tumezoea kusoma habari za majahazi, za karafuu na za nasaba za wazee wetu. Farasi hatajwi, na sababu yake naielewa. Sisi tuliozaliwa Unguja na Pemba tulimjua farasi kwanza chuoni, tulipohifadhi Suratul Aadiyaat, na wengi wetu tulikuwa watu wazima ndipo tulipomuona kwa macho. Mnyama tuliyemzoea ni punda, na aliyesifiwa zaidi ni yule mweupe tuliyemwita punda wa Maskati. Kwa hivyo tulipokuja Omani tulimchukulia farasi kuwa ni pambo la wakubwa na mchezo wa sikukuu, na hata vijana waliozaliwa huku nawasikia wakisema hivyo hivyo. Napenda niwaeleze, khasa wajukuu, kwamba kwa karne kadhaa farasi alikuwa kwa pwani hii kama ilivyokuwa karafuu kwa Unguja. Alileta ushuru, alitajirisha bandari, na mwishowe aliwavuta watu wa mbali waje kuipigania.

Kwetu Afrika ya Mashariki farasi hakuweza kuwa mali kwa sababu ya maradhi. Katika sehemu nyingi za bara mbung'o humtia malale akafa, na yako maradhi mengine ya farasi yanayoenezwa na visubi. Bara Hindi ilikuwa na shida nyingine. Huko, khasa upande wa kusini, farasi aliishi lakini hakuzaana vizuri; joto lenye unyevu na uchache wa malisho yaliyomfaa vilimdhoofisha. Na wafalme wa huko walikuwa hawaachi kupigana. Mfalme asiyekuwa na wapanda farasi alishindwa na jirani yake aliyekuwa nao. Basi kila mwaka ilibidi wanunue wapya kutoka ng'ambo ya bahari, na waliokuwa nao wa kuuza ni Waarabu na Waajemi.

Bandari zilizopata faida hiyo zilikuwa nyingi: Adeni, Shihr, Dhufari, Hurmuzi, Qatif. Mimi nataka kusimama Qalhat, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu nasi. Wale wenye jamaa zao Suri hupita karibu nayo kila wakienda kuwatazama. Karne ya 13 Qalhat ilikuwa mji wa pili wa dola ya Hurmuzi. Marco Polo ameandika kwamba farasi wengi wazuri walipelekwa Bara Hindi kutoka hapo, na kwamba mfalme wa Hurmuzi, anapodaiwa kodi kubwa na sultani wa Kirman, hukimbilia Qalhat na majahazi yake akafunga njia ya ghuba, mpaka sultani akalegeza. Huo ndio uzito wa bandari hiyo. Ibn Battuta alifika karibu na mwaka 1330 akausifu msikiti wake uliokuwa juu ukitazama bahari, wenye vigae vya Kashan kutani. Anasema aliyeujenga ni Bibi Maryam, kisha anawaeleza wasomaji wake Waarabu kwamba neno "bibi" kwa watu wa hapo ni mwanamke mwenye heshima. Sisi hatukuhitaji kuelezwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mwalimu hawezi kuiacha. Mwanahistoria wa Kiajemi Wassaf, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 14, anasema farasi waliopelekwa Ma'bar, Cambay na bandari nyingine za Bara Hindi kutoka Qatif, Bahrain, Hurmuzi, Qalhat na kwengineko walifika 10,000 kwa mwaka, na bei ya kila mmoja ilikuwa dinari 220 za dhahabu nyekundu. Zidisha, utapata dinari 2,200,000. Hata tukisema mzee huyu ameongeza chumvi na tukakata nusu, bado ni mali kubwa mno. Marco Polo naye, bila ya kumjua Wassaf, anasema farasi mmoja Ma'bar aliuzwa kwa zaidi ya marki 100 za fedha.

Mali hiyo haikubaki kwa mfanyabiashara peke yake. Alikuwako mfugaji wa bara, na mchungaji aliyewateremsha pwani. Aliyewauzia majani, tende na samaki wakavu. Mchota maji, msokota kamba, baharia, na mtoza ushuru mlangoni. Ibn Battuta anasema Dhufari wanyama walilishwa dagaa, na aliona ajabu. Anaeleza pia kwamba kutoka Dhufari hadi Bara Hindi ni mwendo wa mwezi mmoja upepo ukiwa mzuri, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusafiri kutoka Calicut hadi Dhufari kwa siku 28. Tuseme basi jahazi lina farasi 50, na kila mmoja anakunywa debe moja tu kwa siku, ambalo ni kidogo kabisa kwa farasi. Kwa siku 28 zinatakiwa debe 1,400 za maji, kabla baharia hajanywa tone. Watu wa Qalhat, mji mkavu, walihitaji kuyachimbia birika maji hayo yote.

Na majahazi yenyewe? Marco Polo aliyaona Hurmuzi akayaogopa. Hayakuwa na misumari; mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Msomaji wa Lamu atasema mara moja: huo ni mtepe. Shehena ilipangwa chini, ikafunikwa ngozi mbichi, na juu ya ngozi hizo wakasimamishwa farasi. Wakivuka mwishoni mwa msimu wa kusi, upepo ule ule uliowarudisha wazee wetu kutoka Unguja. Mawimbi yakichafuka, farasi akianguka akavunjika mguu, aliishia baharini. Karibu na mwaka 1470 Mrusi mmoja, Afanasy Nikitin, alipita Maskati na farasi wake mmoja tu, akitumaini kupata faida Bara Hindi. Liwali wa Junnar akamnyang'anya, na ilikuwa kazi kumpata tena.

Hasara ya njiani ililipwa na nani? Hapa ndipo nilipostaajabu zaidi. Wassaf anasema farasi aliyekufa baharini alilipwa na hazina ya mfalme wa Ma'bar kana kwamba amefika. Miaka mia mbili baadaye Mreno Fernão Nunes aliandika habari kama hiyo ya Narasimha, mfalme wa Vijayanagara: aliwanunua wakiwa hai au wakiwa maiti, watatu kwa pardao 1,000, na aliyekufa njiani uliletwa mkia wake tu, ukalipwa bei kamili. Mnunuzi wa namna hiyo humpati mara mbili. Alijua kwamba bila ya ahadi ile hakuna atakayethubutu kuvuka, na bila ya farasi ufalme wake umekwisha.

Marco Polo anaongeza shutuma. Anasema mfalme wa Ma'bar na ndugu zake wanne walinunua kila mmoja farasi kiasi cha 2,000 kwa mwaka, na mwaka ukiisha hawabaki hata 100, kwa kuwa hawakujua kuwatunza, wakiwalisha nyama iliyopikwa pamoja na wali. Na kwamba wafanyabiashara wa Arabuni na Hurmuzi waliwazuia waganga wa farasi wasiende huko, ili farasi wafe na soko lisife. Nimelifikiria sana jambo hili. Kwamba wafanyabiashara walifurahia vifo vile, sina shaka, maana faida yao ilikuwa humo. Lakini hali ya hewa na chakula kile vilitosha kuwaua bila ya hila ya mtu, na mganga mwenye njaa hazuiliki kwa urahisi. Nadhani Marco Polo alisikia maneno ya sokoni akayaandika.

Utajiri wa namna hii hauna siri. Mwaka 1507 Mreno Afonso de Albuquerque alifika pwani ya Omani. Quriyat na Maskati alizipiga na kuzichoma. Qalhat ilifanya naye suluhu. Mwaka 1508 alirudi, akaiteka na Qalhat, akaitia moto pamoja na ule msikiti alioutaja Ibn Battuta. Mwaka 1510 akaichukua Goa, na mwaka 1515 akaishika Hurmuzi. Tazameni mpango wake: Hurmuzi hutoka farasi, Goa huingia farasi, na funguo zote mbili anazo yeye. Majahazi ya farasi yakalazimishwa kwenda Goa, na ushuru wake ukawa miongoni mwa mapato makubwa ya mji ule. Vijayanagara na hasimu yake Bijapur wakawa kila mmoja anambembeleza Mreno amuuzie yeye peke yake. Nunes anasema mfalme wa Vijayanagara alikuwa akinunua farasi 13,000 kwa mwaka, wa Hurmuzi na wa nchini humo. Qalhat haikuwamo tena katika hesabu hiyo. Na Mreno naye hakudumu nayo: mwaka 1565 Vijayanagara ilishindwa vitani, mji wake ukabomolewa, na Goa ikapoteza mnunuzi wake mkubwa.

Waomani waliirudisha Maskati mwaka 1650, lakini farasi hawakurudi kuwa kama zamani. Karne ya 19 waliendelea kupelekwa Bombay kwa ajili ya majeshi ya Waingereza, zaidi kutoka Basra na Kuwait, mpaka farasi wa Australia wakawapunguzia soko, kisha motokaa zikalimaliza. Heshima yake ilibaki. Seyyid Said alipoipeleka Sultana New York mwaka 1840, na Ahmad bin Naaman akiwa mjumbe wake, miongoni mwa zawadi za Rais Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria haikumruhusu rais kuwapokea, wakauzwa mnadani.

Qalhat leo ni magofu: kuta, birika, na kaburi linaloitwa la Bibi Maryam, likiwa peke yake juu ya bahari. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2018, na mwaka huo huo ikaiorodhesha pia Ardha ya farasi na ngamia ya Omani.